Kanda za Adelfa

Adelfa Muyuela alipotolewa koromeo kwa sababu ya uvimbe uliokuwa karibu kumziba pumzi, mumewe Ponciano aliwatangazia wote waliokuwamo wodini, pamoja na wagonjwa wa watu wengine, kwamba wasihuzunike. Sauti ya mke wake iko salama, alisema. Imehifadhiwa chuo kikuu.

Daktari ndiye aliyeyaanzisha. Alikuwa amemweleza binti yao, Rowena, kwamba siku hizi ipo programu ya simu inayoweza kumsemea mgonjwa kwa sauti yake mwenyewe: mgonjwa anaandika, simu inatamka. Kinachotakiwa ni sauti ya zamani iliyorekodiwa vizuri, isiyo na kelele nyuma yake. Kwa kawaida mtu hurekodiwa kabla ya kisu. Lakini Adelfa aliletwa hospitali akikoroma kama msumeno, na hapakuwa na nafasi ya kumwambia asome gazeti.

Rowena aliwaza na kuwazua. Simu yenye video za nyumbani ilikwenda na mafuriko ya mwaka uliotangulia. Kanda ya harusi ya wazazi wake ilikuwa imeota ukungu siku nyingi. Kanisani kwao, katika mtaa wa Jaro, mama yake alikuwa ameimba kwenye misa na mazishi tangu usichana wake, hata watu wakitania kwamba wazee wa mtaa walikuwa wanaahirisha kufa Adelfa akiwa safarini. Lakini nani anarekodi mazishi?

"Mnahangaika bure," Ponciano alisema. "Mama yako ameshiriki kwenye maonyesho yangu miaka yote ile, na kila onyesho lilirekodiwa. Ndio utaratibu wa chuo."

Hapo sina budi kueleza kidogo, na nitajitia humo humo, maana nilikuwa mmoja wao. Katika idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha San Roque, hapa hapa Iloilo, palikuwa na kikundi chetu cha muziki mpya. Tulikuna mianzi, tuligonganisha mawe, tulivuta nyuzi za piano kwa uma. Hadhira yetu ilikuwa wake zetu na wanafunzi waliotishiwa kunyimwa alama. Tulipomaliza, ukumbi ulikaa kimya, nasi tukasema ni heshima, kumbe hakuna aliyejua kama tumemaliza. Ponciano ndiye aliyekuwa bora miongoni mwetu. Kipimo chetu cha ubora kilikuwa idadi ya watu waliotoka kabla ya mwisho, na kwa kipimo hicho hakuwa na mpinzani.

Adelfa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye hakutoka kabla ya mwisho hata mara moja, kwa sababu alikuwa jukwaani.

*

Ponciano alikwenda hifadhi ya sauti ya chuo akiwa amevaa shati lake la sherehe, lile la nyuzi za nanasi, akitarajia kwamba mtu angesimama. Mtu alisimama kweli. Alikuwa Teodora Abrenica, mkuu wa hifadhi, mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani.

"Afadhali umekuja, Tay," alimwambia, akitumia neno la kumwita mzee yeyote baba. "Piano iko chumba cha pili. Ni zile noti za juu."

Ponciano alimweleza, kwa upole alioufanyia kazi, kwamba yeye si fundi wa piano. Alitaja jina lake, kisha akalitaja tena polepole. Abrenica aliandika kwenye kompyuta, akashusha miwani ya kichwani, akasoma. Muyuela yuko, alisema. Yuko mara moja. Kwenye onyesho la piano la mwalimu mwingine, yeye aligeuza kurasa.

Ilichukua muda kufahamiana. Hatimaye ilidhihirika kwamba kanda za Ponciano zipo, ila hazimo rafuni. Zilikuwa ukumbini, kwenye maboksi yaliyokuwa yakingoja gari la taka la Ijumaa. Chumba chenye ubaridi kilikuwa kidogo na unyevu wa Iloilo hauna adabu, kwa hiyo kamati ilikuwa imeamua kuhifadhi muziki tu. Vitu visivyo muziki, yaani kanda tupu, mikwaruzo na kadhalika, viondoke. Juu ya boksi la Ponciano mtu wa zamani alikuwa ameandika kwa kalamu nene: MAJARIBIO YA VIPAZA SAUTI.

Ponciano aliyasoma maneno yale kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Mimi mwenyewe nilisikiliza kidogo kuhakikisha," Abrenica alisema, bila ubaya. "Kuna mtu anapuliza kipaza sauti, anakigonga, halafu anapuliza tena."

"Huyo ni mke wangu."

"Alikuwa fundi mitambo?"

"Alikuwa anatumbuiza," Ponciano alisema.

Abrenica alikuwa mtu mwema, hakucheka. Aliinama kutafuta kitu kwenye droo ambacho hakukipata. Kisha akasema kwamba kwa utaratibu nakala hazitolewi nje, lakini kwa kuwa hii ni taka, haoni kosa. Akamnakilia onyesho moja, lile lililoitwa Mdomo wa Mto, lililopigwa Rowena akiwa bado tumboni. Ponciano alirudi nyumbani na sauti ya mke wake mfukoni, akilipapasa shati kila baada ya hatua chache kuona kama bado ipo.

*

Waliketi sebuleni wote watatu baada ya chakula cha mchana. Adelfa alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kitambaa cha pamba kikifunika tundu la shingoni alilokuwa akipumulia. Tangu arudi kutoka hospitali hakuwahi kuvuka geti. Kina mama wa kwaya walipokuja kumjulia hali aliwaonyesha kwa mkono kwamba amelala, hali amesimama. Rowena, aliyekuwa mfamasia na mwenye akili za kifamasia, alikuwa ameshapakua ile programu, ameshailipia, na ameshaiandikia sentensi ya kwanza ya majaribio, ile aliyozoea kuambiwa na mama yake: Weng, kula kwanza.

Ponciano aliwasha. Ukumbi ulisikika, na kikohozi cha mtu ambaye mimi namshuku kuwa mimi. Halafu midomo ikapasuka: pa. Kimya. Pa-pa. Ulimi ukabofya kama kijiti kinavyovunjika. Ikafuata mfoko mrefu wa meno, ssss, kama sufuria ya wali inayofurika, na mawe mawili yakagongana kwa mbali. Pa.

Walisikiliza hivyo kwa muda. Mfoko ukaja tena.

"Tay," Rowena aliuliza, "anaanza kuimba lini?"

"Ndiyo anaimba."

"Namaanisha kwa sauti."

Wakati ule ule Ponciano alikumbuka. Mdomo wa Mto ulikuwa umetungwa kwa ajili ya mwanamke asiyetumia sauti. Nao ule uliofuata vilevile, na uliofuata huo. Ilikuwa ndiyo falsafa yake. Sauti nzuri ya Adelfa, alitufundisha wakati ule mbele ya ubao, ni mtego wa sikio. Kila mtu anaisikia bure Jumapili. Sisi tutampa mdomo wenyewe, ulimi, meno, pumzi. Tuliitikia kwa vichwa na kuandika. Mimi nilipigia mstari.

Rowena aliuliza kama kuna onyesho lingine. Baba yake alisema yapo, lakini yote ni ya namna ile. Aliuliza kama labda, kwa bahati, katikati, mama alitamka hata neno moja. Ponciano alisema kwamba yeye alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo.

"Ulioa sauti nzuri kuliko zote Jaro," Rowena alisema taratibu, "ukaja ukaiambia inyamaze. Tena ukarekodi."

Adelfa alikuwa amejikunja kitini, mabega yakimtetemeka. Ponciano aliinuka akidhani analia. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti kabisa, hewa ikitoka kwa miluzi chini ya kitambaa chake cha shingo, machozi yakimtiririka. Alinyoosha kidole kwenye kompyuta, akajinyooshea mwenyewe, akacheka tena. Rowena alimtazama, akatazama simu yenye programu aliyoilipia, akaenda jikoni kukaanga samaki ambaye hakuna aliyemwomba.

Kicheko kilipoisha, Adelfa alichukua ubao mdogo aliokuwa akiandikia na kuuliza kanda nyingine ziko wapi. Ponciano alimweleza habari ya gari la Ijumaa. Alisema waziache ziende. Alisema kamati ina haki, na kwamba kwa kweli hata yeye, akisikiliza vizuri, anaona yule mtu aliyeandika kwa kalamu nene hakukosea sana.

Adelfa aliandika: Twende.

Ponciano akadhani hajamwelewa. Akaanza kueleza upya. Adelfa alifuta ubao kwa kiganja akaandika kwa herufi kubwa zaidi: Zangu pia.

*

Mlinzi wa geti la chuo alimuuliza Adelfa jina lake. Adelfa alipoonyesha shingo na kuanza kuandika, mlinzi alipaza sauti na kusema polepole, kama watu wanavyosema na viziwi na wageni, JI-NA LA-KO NA-NI. Wanafunzi wakageuka. Ponciano alitaka kumjibu, ila Adelfa alimshika mkono, akamaliza kuandika jina, akampa mlinzi ubao ausome kwa sauti ile ile kubwa. Mlinzi aliusoma kwa kunong'ona.

Abrenica aliwapokea vizuri zaidi ya mara ya kwanza, lakini msimamo wake ulikuwa ule ule. Kamati inataka ushahidi kwamba kilichomo ni utungo, si mtu anayechezea vifaa. Karatasi za muziki zingetosha. Ponciano alisema karatasi zake zililiwa na mchwa. Hakusema kwamba hata kabla ya mchwa zilikuwa mistari, madoa na mshale mmoja.

"Naomba unielewe, Tay," Abrenica alisema. "Kila wiki anakuja mzee mmoja kuniambia kelele yake ni muziki. Siwezi kuchukua neno la kila mtu."

Adelfa alionyesha mashine. Akaonyesha boksi. Akakaa.

Abrenica aliiweka kanda, ile ya Mdomo wa Mto, akaiacha izunguke. Kikohozi kilipita, na midomo ikapasuka mara ya kwanza. Adelfa aliinua uso na kunyoosha mgongo kama alivyokuwa akifanya jukwaani, mkono wa kushoto ukiwa juu kidogo ya paja. Alisubiri kimya kipite. Kisha akaingia.

Mambo yale hayahitaji koromeo. Midomo ikifungwa na kuachwa ghafla hupasuka, ulimi ukibanduliwa kaakaani hubofya, na hewa kidogo iliyofungiwa mashavuni yatosha kufokea kwenye meno. Pa-pa, alisema Adelfa, na pa-pa, alisema yule msichana wa kandani, kwa pamoja. Ulimi wake ulibofya na ule wa kandani ukabofya ndani yake, hata ukasikika mmoja. Mfoko ulikuja mfupi zaidi, kwa kuwa pumzi za mashavu si pumzi za mapafu, lakini ulianza na kupanda mahali pake hasa.

Abrenica alinyoosha mkono akashusha sauti ya mashine mpaka chini kabisa. Magurudumu yakaendelea kuzunguka bila kusikika. Adelfa hakugeuka. Aliendelea peke yake chumbani mle, akanyamaza palipokuwa na mawe, akayahesabu kwa kidole pajani, akarudi. Alikuwa ameyafanyia mazoezi mambo yale akipika mbaazi, akifua, akisahihisha madaftari ya watoto wa watu, na mwili ulikuwa haujatupa kitu. Abrenica alipopandisha sauti tena, wale wawili walikuwa bado pamoja.

Ponciano alisimama karibu na mlango. Baadaye aliniambia kwamba ile ndiyo mara ya kwanza aliusikiliza utungo wake bila kuangalia nani anatoka.

Abrenica alichukua kalamu nene, akaifuta ile alama ya boksi kwa mistari mitatu, akauliza kazi hii inaitwaje na majina yanaandikwaje. Ponciano alifungua mdomo. Adelfa alikuwa ameshaandika ubaoni: jina lake kwanza, la mumewe chini yake.

*

Mkuu wa idara alipata habari, na idara zinazotafuta sifa hazikawii. Ikaamuliwa kwamba kanda zilizookolewa zifanyiwe jioni ya kuzisikiliza, na Adelfa mwenyewe apige Mdomo wa Mto. Redio ya mjini ilitangaza kwamba mwanamke asiye na koromeo ataimba. Ukumbi ulijaa. Ponciano alizunguka akisalimia watu, akiniambia kwamba alijua wakati wetu utafika, alijua masikio yatakomaa, mpaka Rowena alipomweleza yale maneno ya redio, akaelewa kwamba wengi walikuja kama watu wanavyokwenda kumwona ndama mwenye vichwa viwili.

Alitaka kuahirisha. Alimwambia Adelfa, nyuma ya jukwaa, kwamba wamekuja kumcheka. Adelfa aliandika kwamba zamani walikuwa hawaji kabisa.

Kitambaa chake cha shingoni kilisugua kipaza sauti na kufanya kelele. Alikifungua, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye kiti. Tundu likaonekana na watu wote, nao wakavuta pumzi mara moja kama mtu mmoja. Halafu akaanza. Nilikuwa upande wa mawe. Nilikosea mara mbili na hakuna aliyejua, jambo ambalo ndilo uzuri wa muziki wetu, lakini yeye hakukosea. Kufika katikati, hakuna aliyekuwa akitazama shingo yake. Walikuwa wakitazama mdomo.

Watu walipokuwa wakitawanyika, mzee mmoja mwenye mikono mikubwa alikuja mbele. Jina lake Serapio Gallego, alikuwa na bucha sokoni kabla ya kustaafu, na kwenye kola yake kulikuwa na kitambaa kama cha Adelfa. Alimeza hewa kama anayemeza kidonge kikavu, na sauti ikatoka, nzito, ya chura, silabi kwa silabi:

"Ma-ma. Mdo-mo. Wa-ko. U-me-sha-fa-nya. Nu-su. Ya. Ka-zi."

Ponciano hakupenda jinsi sentensi ile ilivyoanza, ila Rowena alimvuta mzee pembeni na kumuuliza anasemaje bila koromeo. Hospitali walikuwa wamewahi kumtajia Adelfa namna hiyo ya kusema, naye akakataa kata kata kwenda kujifunza kupiga mbweu mbele ya watu. Serapio alieleza kwamba hewa husukumwa chini kwa midomo na ulimi, kisha hurudishwa juu kwa namna ya mbweu, na mbweu hufinyangwa kuwa maneno. Wengi hukata tamaa kwa sababu midomo na ulimi wao ni mivivu. Yeye mwenyewe alitumia karibu mwaka mzima kupata neno nyama. Mwanamke huyu, alisema, mdomo wake umeshasoma shule. Walikuwa wakikutana Jumamosi nyuma ya kanisa, watu saba wasio na makoromeo. Kulikuwa na keki.

Adelfa akaandika kuuliza keki ya nini.

*

Neno la kwanza alilirudisha nyumbani kutoka kwenye mkutano wa tatu. Rowena alikuwa akifungua mlango, na nyuma yake ikasikika sauti ya chura ikisema "Weng." Ndilo jina lake la utotoni. Rowena hakugeuka. Aliingia moja kwa moja hadi jikoni, akafungua bomba na kuliacha litiririke mpaka uso wake ukarudi mahali pake. Ile programu ya simu aliifuta siku hiyo hiyo, ingawa walikataa kurudisha alichokilipa.

Tangu hapo Ponciano alianza kungoja zamu yake. Alijikuta akipita jikoni bila haja. Adelfa alipata neno chumvi, akapata mvua, akapata jina la paka wa jirani. Ponciano alijifariji kwamba jina lake yeye ni gumu. Mimi nilimwambia kwa simu kwamba huenda hana haraka, naye akakata.

Siku moja alasiri walikuwa mezani wakimenya fenesi kwa ajili ya supu ya mbaazi na nguruwe. Ponciano alikuwa akieleza, kwa mara nyingine tena, kwamba chuo kinataka kuupeleka Mdomo wa Mto kwenye tamasha la Manila, na kwamba amefikiria kuongeza sehemu. Adelfa aliweka kisu. Alibana midomo, akameza hewa. Ponciano alinyamaza, akainamisha kichwa kumwelekea, akaweka tayari uso wa mtu anayeitwa.

"Nde-fu," Adelfa alisema.

"Nini ndefu?"

Alimeza tena. "Ka-zi. Ya-ko."

Sisi sote tuliowahi kukaa kwenye viti vya chuma vya ukumbi wetu tulikuwa tukilijua neno hilo tangu ujana wetu, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kulitamka. Ilibidi litamkwe na mtu asiye na sauti. Ponciano alisema kwamba kila sehemu imeshikamana na nyingine. Adelfa alisema, kwa kumeza mara nne, kwamba mawe yapunguzwe. Ponciano alisema mawe ndiyo moyo wa kazi. Adelfa alisema moyo haupigi robo saa bila mtu. Sentensi hiyo ilimgharimu sana, alipumzika katikati, na muda wote huo Ponciano alilazimika kusubiri akiwa na jibu lake mdomoni na fenesi limegandia vidoleni, kwa sababu huwezi kumkatiza mtu ambaye bado anatafuta hewa ya kukutukania.

Rowena alikuwa anarudi kutoka duka la dawa. Akiwa getini alimsikia baba yake akipandisha sauti, kisha kimya kirefu, kisha chura, halafu baba tena, amepanda zaidi. Tangu hospitali nyumba ile haikuwa imesikia ugomvi. Alikuwa tayari ameshika ufunguo. Aliketi kwenye ngazi za mlangoni, akavua viatu, akawaacha wagombane.